Udongo wa Kiapo

Zama wingu moja lilipowakinga wanyama wote na jua, moshi wa kufukuzia mbung'o ulianza kulitoboa. Watoto wa Fuko, wasio na manyoya, wakababuka migongo. Fuko akawaita wenye mioto waape kuizima: kila mmoja akanyage udongo mbichi na kuacha alama ya kiapo, asikosekane hata mmoja.

"Aanze Ngiri," alisema Nyati. "Moshi wake mwingi."

"Mimi? Wewe ulifukiza kabla sijazaliwa, mzee!"

Fuko alipapasa udongo. "Jamani, unakauka!"

"Tulia, kipara," Nyati alimjibu.

Jua likapenya tundu la wingu, likamchoma Nyati mgongo. Akaruka, akakanyaga kwa nguvu. Ukwato haukuacha alama.

"Fuko, ndugu yangu, huko chini kwako hakuna udongo mbichi?"

"Upo," alijibu Fuko, akianza kuchimba. "Inua mguu kabisa, mzee. Unaanza wewe."