Laini ya Maji Moto

"Nikate?" fundi wa umeme aliuliza, koleo lake limeshauma waya wa mashine ya maji moto.

Kamikazi alijiegemeza ukutani. Alikuwa ametoka kazini miguu ikimuwaka, na mita hii ya umeme yenye laini mbili, moja ya nyumba na moja ya maji moto, kila moja na bei yake, ilikuwa imemchosha kuliko kazi yenyewe.

"Mama, ukitaka kuhamia bei ya chini, laini ya maji moto lazima ifungwe," fundi alimwambia Kamikazi. "Hakuna njia ingine."

Mama yake Kamikazi alitoka bafuni polepole, taulo begani. Alikuwa amesikia yote.

"Mwache akate, mwanangu. Kule Karagwe tulioga maji ya mtoni, nani alikufa?"

Alisema hivyo huku akifunga vifungo vya blauzi. Vidole vyake, vilivyopindwa na baridi yabisi, vilikuwa vimelainika kwa maji ya moto, navyo vilishika kifungo kimoja, kisha kingine, mpaka cha shingoni. Kabla ya mashine ile, Kamikazi ndiye aliyemvisha kila siku, na mama alikuwa akigeuza uso ukutani kwa aibu.

Kamikazi alikitazama kifungo kile cha shingoni, kisha akamgeukia fundi.

"Ondoa koleo, ndugu yangu. Laini ibaki," akasema.