Mtihani wa Tabia wa Mama Warigia

“Swali la nane,” Nderitu alisema, karatasi ameinyoosha mbele ya pua. “Ukipewa siri, unaiweka ama unaitoa?”

“Naiweka,” mkewe Wahu akajibu, akimenya viazi.

“Swali la tisa. Mtu akikukosea, unamwambia hapo hapo ama unangoja?”

“Nangoja.”

Nderitu akakohoa ili asicheke. Mwanamke huyu ukimuuliza kama yeye ni ng’ombe, atakujibu anatoa chupa ngapi.

Mwaka huo Eldoret nzima ilishikwa na wazimu wa mtihani wa tabia. Ulitoka kwenye gazeti moja la kila mwezi: unalala ubavu gani, unapenda rangi gani, ukikasirika unafanya nini. Unajibu, unafungua ukurasa wa nyuma, unaambiwa wewe ni mtu wa aina gani. Makarani waliufanya. Walimu waliufanya. Wanaume wazima wenye ndevu waliambiwa, “Una roho nzuri lakini watu hawakuelewi,” wakalengwalengwa na machozi wakisema, kweli kabisa, huyo ni mimi.

Nderitu aliwadharau wote. Siku Kiarie, dalali wa mashamba, alipomsukumia gazeti hilo juu ya meza ya hoteli, alilisukuma likarudi.

“Soma wewe. Macho yangu siyachafui na takataka.”

Kiarie akauliza, Nderitu akajibu huku anatafuna mandazi. Matokeo yakasema: unajivuna sana kwa sababu kuna jambo unaloficha, hata wa nyumbani kwako hawalijui.

“Upuuzi! Hilo unaweza kumwambia hata punda wa kubeba maji, na akakubali.”

“Lakini unaficha,” Kiarie akacheka. “Mama Warigia anajua unauza shamba?”

Hakujua, na hapo ndipo palikuwa na shida. Shamba la Ainabkoi, lenye nyumba na viazi na kaburi la mtoto wao wa kwanza, lilikuwa limepata mnunuzi. Lakini bodi ya ardhi haikuwa inapitisha uuzaji wa shamba bila kumsikia mke. Basi Kiarie akapiga chapa karatasi kwa taipureta: mimi, mke wa Nderitu, ni mgonjwa, siwezi kufika, lakini nimekubali shamba liuzwe. Chini akaacha nafasi kubwa ya sahihi.

“Na atatia sahihi bila kujua?”

Nderitu akagonga lile gazeti kwa kidole. “Huyo anaenda ngumbaru.”

Ngumbaru lilikuwa darasa la watu wazima, kila Jumanne ndani ya kanisa. Miezi mitano sasa Wahu alikuwa anaenda, daftari ndani ya kiondo. Mwalimu Jepkosgei aliwasomea akina mama ule mtihani wa gazeti, na Wahu akarudi nyumbani akiuliza kama naye anaweza kupata wake. Miezi mitano! Na bado, Nderitu alipenda kuwaambia wenzake, ukimpa kalamu ni kama kuku ameshika jembe.

Basi akamletea ile karatasi ya Kiarie, akaiita mtihani wake.

“Swali la kumi na mbili, la mwisho. Mume wako akiamua jambo, unakubali ama unabisha?”

Wahu akaweka kisu chini. “Hebu niione hiyo karatasi, Baba Warigia.”

“Uione ufanye nini? Utaimenya?” Lakini akampa. “Andika jina hapo chini. Si ndiyo mnafundishwa? Bila jina hakuna matokeo.”

Wahu akajipangusa mikono, akaiinamia. Aliitazama karatasi hiyo muda mrefu. Kisha akaanza kuandika. Nderitu akakaa, akasimama, akatoka kuangalia ng’ombe, akarudi. Mama bado anaandika, ulimi umetoka nje kidogo.

“Jina fupi hivyo! Ungekuwa unaitwa Zachariah tungekesha hapa.”

“Sijazoea,” alisema, akamrudishia.

Nderitu akaikagua karatasi kutoka juu hadi chini, akatikisa kichwa. “Mwandiko wa kuku,” akasema, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti.

“Na matokeo?”

“Wewe ni mtu mpole. Rahisi kuongozwa.”

“Huyo ni mimi kabisa,” Wahu akasema, akarudi kwa viazi vyake.

Siku ya bodi, Kiarie alimngoja mlangoni akataka kuiona karatasi kwanza. Nderitu akampita. Yeye si mtoto wa kukaguliwa madaftari.

Ndani, wakulima walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, kofia magotini. Mwenyekiti, Mzee Kipkemboi, akaita jina lake.

“Mama yuko wapi?”

“Ni mgonjwa, Mzee. Lakini ameandika.” Akaitoa karatasi, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

“Umesoma alichoandika?”

“Neno kwa neno, Mzee.”

Mwenyekiti akavaa miwani. Akasoma kimya hadi mwisho, akamwangalia Nderitu, akaanza tena. Kisha akapaza sauti ili benchi la nyuma lisikie, akasoma maneno yaliyoandikwa kwa kalamu chini ya yale ya taipureta, kwa herufi kubwa zilizopinda:

“Mimi Wahu si mgonjwa na shamba sikubali liuzwe. Mume wangu ataileta barua hii mwenyewe, kwa sababu hajui kusoma. Siri hiyo nimemwekea miaka ishirini.”