Simu Isiyochongea

"Simu yako haiaminiki, mama," alisema muuza chanjo ya mifugo pale Korogwe. "Programu yetu ya usajili imeikataa. Rudisha mfumo wa kiwandani, ndipo ndama wako wachanjwe."

Mfumo ule Namelok, mwenye simu, alikuwa ameufutisha kwa fundi, akawekewa huu wa bure usiochongea mtu. Ule ulikuwa ukipeleka habari za malisho yake kwa watu asiowajua, na kwao Handeni mgeni haambiwi ng'ombe wanalala wapi.

"Ndama watakufa kwa ubishi wako."

"Mkeo analala upande gani wa kitanda? Watangazie hawa walio nyuma yangu."

Foleni ikaangua kicheko. Namelok hakucheka. Alilivuta boksi la chanjo, akalikalia. Baridi ya barafu ikampanda mapajani.

"Chukua kalamu uniandike kwa mkono," alisema. "La sivyo, leo hachanjwi hata ng'ombe wa bosi wako."