Mtu wa Kushika Kamba

Eufrazia alinyanyua beseni la maji aliyooshea dagaa, akammwagia Bonifasi kifuani, na soko zima likashangilia.

"Mchicha wangu huli wewe!" alifoka. "Nenda kaombe mboga kwa yule mjane uliyemchomea nyumba!"

Mjane mwenyewe hakuwapo, wala nyumba. Kulikuwa na mkanda wa video tu, unaoonyeshwa kwenye kibanda cha Kihonda, na humo Bonifasi aliitwa Nduli. Jamani, watu wa mji huu! Mtu kaigiza ujambazi, nyie mnamnyima mboga?

Bonifasi alijifuta, akatabasamu. "Si kitu, mama. Wewe kazi yako kuuza, yangu kuchukiwa."

Zamani alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Enzi za ruksa zikaja na mitumba yake, kiwanda kikafungwa, Bonifasi akabaki na sura yake tu. Ilikuwa sura ya kutisha, yenye sauti ya chinichini. Joseph, kijana aliyenunua kamera Dar na kuamua kutengeneza sinema, alipomwona akasema huyu ndiye.

Steringi alikuwa Thobias. Alijifunga pazia jekundu shingoni, akaitwa Kimondo, mtu anayeruka angani. Kwenye mkanda huo Kimondo aliinua lori la mahindi akawatupia majambazi, na dereva akafa humo humo ndani. Nani alimwulizia dereva? Steringi ni steringi. Thobias akienda mashineni kusaga, wazee walimpisha foleni, naye alipita bila hata shikamoo.

Mke wa Nduli aliigizwa na Anastasia, mke wa Bonifasi wa ndoa kabisa, maana msichana aliyepangwa aliingia mitini. Kipande cha Nduli kumpiga mkewe Joseph alikirekodi mara moja tu, hakurudia. Anastasia alijikinga uso hata kabla mkono wa mume haujainuka.

"Mwanamke ana kipaji huyo!" watu walisema.

Wanawake wakaanza kumletea unga na pole nyumbani. "Mama Irene, unaishije na yule mnyama?"

"Ni sinema tu," alijibu.

Bonifasi ndiye aliyecheka kuliko wote. "Waambie, mama Irene. Waambie ni sinema."

Sehemu ya pili ndiyo iliyoleta ugomvi. Joseph aliandika kwamba mwishoni Nduli ananing'inia kwenye jabali, na Kimondo, badala ya kumwacha aanguke, anampa mkono na kumvuta juu.

"Steringi hamwokoi adui, bwana!" Thobias alikasirika. "Watu watatubomolea kibanda."

"Hakuna mtu mbaya mtupu, Thobias. Wala mwema mtupu. Mbona hata Kimondo aliua dereva?"

"Dereva yupi?" aliuliza Thobias.

Walipanda mlima kupitia Kilakala asubuhi, mpaka kwenye jabali lililo juu ya korongo. Wakulima waliokuwa wakishuka na mboga walitua matenga yao, wakajipanga ng'ambo ya korongo kutazama. Habari ya Nduli ilishapanda mlima siku nyingi.

Bonifasi alifungwa kamba kifuani, ikafichwa ndani ya shati. Kilichobaki ni kumpata wa kuishikilia. Wanaume watatu walivuka kutoka ng'ambo, wakajitolea haraka mno, huku wakikonyezana.

"Tutamshika vizuri sana huyo," alisema mmoja wao, na wenzake wakaangua kicheko.

Bonifasi aliwatazama, akatazama mawe kule chini korongoni, jasho likamtoka. Si ajabu. Kwao hakuwa baba Irene, alikuwa Nduli, na Nduli anastahili kufa.

"Hawa wataniua kweli, bwana Joseph. Siteremki."

"Sasa ashike nani?"

Bonifasi aligeuka, akamwonyesha mkewe. "Ashike mama Irene. Kati ya wote hapa, yeye tu ndiye ninayemwamini."

Hata wale watatu waliona aibu. Loo, mtu amechukiwa na mji mzima, kimbilio lake limebaki kwa mkewe tu! Joseph aliizungusha kamba mara mbili kwenye mkaratusi ulioota ukingoni, akampa Anastasia ncha yake.

"Mti ndio unaobeba uzito," alimweleza. "Wewe kazi yako kukaza tu. Ukilegeza, anakwenda."

"Nimeelewa," alisema Anastasia.

Joseph akavuka ng'ambo na kamera yake, wale watatu wakimfuata. Thobias akajificha nyuma ya kichaka, akilinyoosha pazia lake, akisubiri kuitwa. Bonifasi akashuka polepole mpaka miguu ikaning'inia hewani.

"Haya, anza!" Joseph alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Lia, Nduli! Omba msaada!"

Bonifasi akalia vizuri sana.

"Mwache afe!" wakaitika wakulima. "Kimondo, usije! Mwache afe!"

Viganja vya Anastasia vililowa jasho. Kamba ikateleza, kidogo tu, na Bonifasi akashtuka. Akainua uso kumtazama mkewe, na kutoka ng'ambo ilionekana kama anambembeleza. Hakuna mwingine aliyekuwa karibu kiasi cha kusikia sauti ile ya chinichini.

"Kaza, mbwa wewe. Jana nilikuvunja kidole. Leo tukifika nyumbani nakuvunja mkono mzima, na Irene atanishikia taa."

Anastasia akaachia. Ng'ambo ya korongo watu walirusha kofia juu, wakimshangilia Kimondo kwa kutokuja.