Kiboko Aliyemtafuta Mwanawe

"Kiboko alikuwa anamtafuta mwanawe aliyepotelea ng'ambo ya ziwa, Sengerema," binti alieleza mbele ya darasa, na mama yake, Mwanabaraka, akainamisha uso kwenye kiti cha nyuma.

Shule ilikuwa imefunguliwa baada ya likizo. Bendera za karatasi za sherehe za uhuru zilikuwa bado ukutani, na wazazi walikuwa wamealikwa kuwasikiliza watoto wa darasa la kwanza wakisimulia vitabu vya picha walivyosomewa nyumbani.

"Mwalimu, hata mimi nilisomewa hicho hicho," msichana mwingine alisema. "Kiboko anaumwa jino."

Watoto wakacheka. Binti akageuka nyuma. "Mama ndiye aliyenisomea."

Mwalimu akamletea Mwanabaraka kitabu kwa heshima. "Labda kuna aliyechanganya. Hebu tusomee ukurasa huu, mama."

Mwanabaraka alikipokea. Kidole gumba chake kilitua juu ya kinywa cha kiboko kilichokuwa wazi, na chini ya kinywa hicho yalijipanga maneno. Angeweza kusema amesahau miwani. Lakini binti alikuwa anamtazama, anangoja, bila wasiwasi wowote.

"Sijui kusoma, mwalimu," alisema. "Nilikuwa naangalia picha, halafu natunga."

Hakuna aliyecheka. Binti alikunja uso.

"Na kile cha simba, mama?"

"Na kile pia."

Mtoto alifikiri kidogo.

"Cha simba kilikuwa kizuri zaidi," akasema.