Mwenge wa Saba

Msaliti alikuwa amegonga ukuta tena. Devotha alimtazama kwenye kioo cha simu akirudi nyuma hatua mbili, akijikusanya, kisha akiugonga ukuta ule ule kwa paji la uso, mwana wa mfalme mzima na taji la wizi kichwani.

"Kaka, mlango uko kushoto kwako," aliandika.

Hakujibiwa. Hii ilikuwa wiki ya sita hajibiwi.

Mchezo wenyewe waliuanza wakiwa bado shule, yeye na kaka yake Lugano, kila mmoja na simu yake. Ulikuwa ufalme wa kubuni wenye mienge saba, na mwenge wa saba ukizimika dunia ile inakwisha, kila kitu kinafutika. Walitakiwa kuilinda pamoja. Lakini Lugano ni Lugano. Siku moja aliwafungulia maadui lango, akaiba taji, akaanza kuzima mienge mmoja baada ya mwingine huku akimwandikia mdogo wake kejeli za kuvunja mbavu. Alishazima sita. Devotha alibaki kuulinda wa saba kwa meno na kucha.

Halafu Lugano akatupa jembe katikati ya mavuno ya viazi, akasema anakwenda Makongolosi kuchimba dhahabu. Devotha alimfuata hadi barabarani, mikono imejaa matope, hasira zimempanda.

"Nenda! Ukafukiwe huko huko kwenye hayo mashimo yako!"

Wiki tatu baadaye shimo liliporomoka.

Baba yao, Mzee Anania, alipanda basi peke yake kwenda kumtafuta. Alirudi siku ya nne, suruali ina udongo mwekundu hadi magotini, kichwa kimenyolewa hakina hata unywele. Kambini kuna chawa, alisema. Waliotolewa shimoni ni watatu, na Lugano hayumo. Wenzake wanadhani alihamia machimbo mengine.

Devotha hakuamini. Alilala sakafuni siku mbili, hali, hanywi, akiyarudiarudia maneno yake ya barabarani. Siku ya tatu, alasiri, aliufungua mchezo ili aufute asiuone tena. Akamkuta msaliti amesimama langoni. Amesimama tu. Kisha akainama, kama mtu anayetoa salamu.

Alipiga ukelele hadi majirani wakatoka nje.

Tangu hapo msaliti aliingia kila alasiri. Ukipiga namba ya Lugano haipatikani, lakini Devotha alisema kabadilisha laini. Haandiki kitu, lakini Devotha alisema bado kanuna, na ana haki ya kununa. Anatembea kama kipofu, lakini si mtandao wa kambini huo? Kila kitu kilikuwa na jibu.

"Kaka yako ameingia leo?" Mzee Anania aliuliza kila jioni, akiosha miguu mlangoni.

"Ameingia, tata."

"Basi yupo."

Jumapili moja baada ya ibada, Baba mdogo Ezekia alikuja na wazee wawili wa ukoo. Hakuzunguka.

"Kaka, watu wanatusema. Tukae msiba, tulie, tumalize."

"Msiba wa nani?" Devotha alidakia. "Jana tu amecheza!"

"Mtu mzima anapata nafasi ya kucheza, hapati ya kumpigia baba yake?"

Mzee Anania alipitisha kiganja kichwani, pale nywele zilipoanza kuchomoza. Alikuwa akitazama sakafu.

"Tusubiri kidogo," alisema.

"Mpaka lini, kaka?"

Mzee Anania aliinuka. Alichukua jembe lake akapanda shambani, siku ya Jumapili, yeye mzee wa kanisa, na viazi vilishavunwa siku nyingi. Devotha alimwonea huruma. Aliona baba yake anazeeka kwa kungoja, kila alasiri peke yake kule juu, na kosa ni la nani kama si lake yeye na mdomo wake?

Wageni walipoondoka alikaa kizingitini, akaufungua mchezo. Msaliti alikuwa hajafika. Alimngoja. Alipotokea, akijigonga kwenye lango kama kawaida yake, Devotha aliandika bila kufuta neno hata moja:

"Kaka, nilichokwambia barabarani hakikutoka moyoni. Sijala nikashiba tangu siku ile. Kama umenisamehe, ingia uzime mwenge wa saba. Nitajua ni wewe."

Kisha akamwondoa askari wake mlangoni, akaacha pako wazi.

Lugano angeruka ndani kama mbuzi aliyeona mahindi. Msaliti alisimama muda mrefu, hadi Devotha akadhani mtandao umekata. Mwishowe aliingia polepole, akagonga nguzo, akaizunguka. Alipofika kwenye mwenge aliinama kwanza. Kisha akauzima, na kioo chote kikawa cheusi.

Devotha alicheka na kulia kwa pamoja. Alitoka mbio peku, akapanda mteremko akirukaruka matuta, akipiga kelele kabla hata hajafika.

"Tata! Kanisamehe! Lugano kanisamehe, yuko hai!"

Mzee Anania alikuwa amekaa chini kando ya jembe lake, miwani imemteleza puani, simu ya Lugano mikononi, udongo mwekundu bado umeganda pembeni mwake.

"Nilitaka nikuandikie, mwanangu," alisema. "Zile herufi za kuandikia sikujua zinatokea wapi."