Mkono Juu ya Komeo

Fundi cherehani aliganda, mkono juu ya komeo la lango la shule. Ndani, binti yake alikuwa ameporwa kamba ya kuruka.

Miaka miwili mtoto huyo alisomea nyumbani mbele ya kompyuta, na mwenzake wa darasa la mtandaoni akimuudhi, alikuwa akiifunga tu na kwenda kulala. Majirani wakambandika jina: Kimya. Leo, siku yake ya kwanza uwanjani, hapakuwa na cha kufunga.

Akamtazama baba yake. Fundi akabana midomo kama aliyeshika pini kwa meno. Alijua akiingia tu, mtoto atarudi kwenye kompyuta yake.

"Subirini, sasa hivi atamwita baba!" alicheka mporaji, msichana mrefu mwenye pengo.

Kimya akafuta kamasi kwa mkono wa sweta, akainyakua kamba.

"Zamu yangu haijaisha! We pengo, ngoja yako!"

"Kumbe unaongea?"

"Naongea! Shika huko, zungusha!"

Yule mrefu akaangua kicheko, akashika ncha moja, na mtoto mwingine akashika ya pili.

Fundi akaliachia komeo. Vumbi likatimka uwanjani, na sauti iliyopaa juu ya zote ilikuwa ya Kimya.